Jina Moja, Mistari Miwili: Orodha na Kanzidata katika Historia ya Turkana

Tarehe 31 Agosti 2010, Wycliffe Oparanya, aliyekuwa Waziri wa Mipango wa Kenya, alitangaza matokeo ya sensa iliyofanywa mwaka uliotangulia. Wakenya walikuwa milioni 38.6. Katika tangazo hilohilo akafuta hesabu za wilaya nane, na tatu kati yake zilikuwa za Turkana: Kati, Kaskazini na Kusini. Sensa ya 1999 ilikuwa imehesabu watu 450,860 Turkana nzima. Ile ya 2009 ikaleta 855,399. Serikali ikasema ongezeko hilo haliaminiki.

Miaka tisa baadaye, sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976, ongezeko dogo mno ukilipima na lile la muongo uliotangulia, na kila upande wa ubishi ukapata humo cha kushikilia. Ubishi wenyewe haukuwa wa wataalamu peke yao. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, fomyula ya kwanza ya kugawa mapato ya taifa iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Kila jina lililoandikwa au kuachwa Turkana lilikuwa na bei yake huko Nairobi.

Turkana, kuliko sehemu nyingi za Kenya, orodha ni habari ya tumbo. Kwa zaidi ya miaka 60 unga wa msaada, nyavu, dawa na pesa za simu vimefika huko kwa kufuata majina yaliyoandikwa na mtu fulani, mahali fulani, kwa utaratibu ambao wenye majina hawakuuona. Namna majina hayo yalivyoandikwa, kutoka daftari la samaki kwenye Ghuba ya Ferguson hadi kanzidata zinazoulizwa maswali kwa lugha ya SQL, ndiyo namna watu walivyohesabiwa mara moja, mara mbili, au wakasahaulika kabisa. Vijana wa Lodwar na Kakuma wanaojifunza leo usimamizi wa kanzidata wanashika kazi ambayo wazazi wao waliikuta upande wa pili wa dirisha, wakiwa kwenye foleni.

Waturkana hawakungoja karatasi ndipo wajue nani ni nani. Kila ukoo una chapa yake ya mifugo, na mwanamke akiolewa huingia katika ukoo na chapa ya mumewe. Wanaume wamegawanyika mafungu mawili: Ng'imor, yaani Mawe, na Ng'irisae, yaani Chui. Mtoto wa kiume hufuata fungu ambalo si la baba yake. Baba akiwa Jiwe, wanawe wote ni Chui, na wajukuu wake wanarudi kuwa Mawe. Ukimjua babu, fungu la mjukuu unalijua pasipo kuuliza. Anayesanifu kanzidata leo hufundishwa kanuni hiyohiyo wiki za mwanzo: kitu kinachoweza kupatikana kutokana na kingine kisiandikwe mara ya pili, maana siku moja maandishi mawili yatapingana.

Wakoloni walikuja na hesabu za namna nyingine. Sheria ya 1915 ya kuwaandikisha Waafrika, iliyoanza kutekelezwa miaka michache baadaye, ilimtaka mwanamume kutembea na kipande chenye alama za vidole vyake. Kaskazini ilifungwa, na watu hawakuingia wala kutoka ila kwa kibali. Lodwar, kituo cha utawala, ilijulikana na Wakenya wengi kama mahali pa kumweka mtu asionekane: Jomo Kenyatta, baada ya kifungo chake cha Lokitaung, alizuiliwa hapo kuanzia 1959 hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Orodha za enzi hizo zilikuwa za kutoza kodi na kudhibiti watu. Hakuna aliyefaidika kwa kuwamo.

Njaa ndiyo iliyogeuza jambo hilo. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 uliwaacha wafugaji wengi bila mnyama hata mmoja. Kambi za chakula zikafunguliwa, mojawapo kando ya Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol. Ghuba hiyo ni mkono wa maji ya kina kifupi upande wa magharibi wa ziwa ambalo tangu 1888, walipofika wasafiri wa Ulaya Teleki na von Höhnel, liliitwa Rudolf, na tangu 1975 linaitwa Turkana. Ulimi wa mchanga wa Longech unaikinga na mawimbi, na samaki aina ya tilapia huzaliana humo kwa wingi. Idara ya Uvuvi ikaanza kuwafundisha waliopoteza mifugo kutega nyavu. Kwa mara ya kwanza, kuandikwa jina kulikuwa na maana ya kula.

Waandishi wa ng'ambo wamezoea kusema kwamba Waturkana ni wafugaji tu, hawajui samaki. Si kweli, na inafaa isemwe wazi, kwa sababu uongo huo umetumika kueleza kushindwa kwa watu wengine. Palikuwa na familia za ufuoni zilizovua kwa vikapu vya kusuka kabla ya nyavu za serikali kufika. Na mwaka 1976, wakati ghuba imejaa, ziwa lilitoa takriban tani 17,000 za samaki, nyingi zaidi zikiwa tilapia wa Ghuba ya Ferguson. Samaki wa kiasi hicho hawavuliwi na watu wasiojua samaki.

Chama cha ushirika cha wavuvi kiliundwa miaka hiyohiyo ya 1960, na penye ushirika pana daftari. Madaftari ya ushirika nchini Kenya yanafanana, yawe ya kahawa, maziwa au samaki: tarehe, jina, aina, kilo, bei, na pembeni deni la mwanachama. Karani hukaa kando ya mizani, mwanachama huleta mzigo, mstari mmoja unaandikwa. Jioni hujumlishwa. Ni mtindo mzuri mpaka mtu aulize swali.

Tuseme mvuvi anaitwa Ekiru. Mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Ekiru au Lokiru. Wa kike, Akiru au Nakiru. Kwenye ufuo mmoja kunaweza kuwa na akina Ekiru wengi. Jina la pili ni la baba, naye huenda ni Lokiru. Akikua, mwanamume hupata pia jina linalotokana na maksai wake kipenzi, na rika lake humwita hilo. Karani aliyetoka mkoa mwingine anaandika anavyosikia: leo Ekiru, kesho Ekeru, mwezi ujao jina la maksai. Mtu mmoja anakuwa watatu, na watu watatu wanakuwa mmoja. Deni la wavu alilokopa wa kwanza linakatwa kwa samaki wa wa pili. Hapana aliyeiba. Daftari limejengwa juu ya kitu kisichoweza kumtambulisha mtu.

Juni 1970, mbali sana na Kalokol, Mwingereza Edgar Codd, mwanahisabati wa kampuni ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala yaliyolenga tatizo la namna hiyo. Kampuni kubwa za wakati huo zilikuwa zimejaza kompyuta zao kumbukumbu, lakini ili kupata jibu ilikuwa lazima mtu ajue kila kitu kimefichwa njia gani. Codd alipendekeza kila kitu kiwekwe kwenye majedwali. Kila mstari uwe na alama moja inayoutofautisha na mistari mingine yote, yaani ufunguo msingi. Jedwali moja lihusiane na jingine kwa kubeba ufunguo wa mwenzake. Muulizaji aseme anataka nini, mashine itafute yenyewe njia ya kukifikia.

Ukilirudia daftari la samaki kwa kanuni hiyo, linavunjika kuwa majedwali matatu. La kwanza ni la wavuvi: nambari ya uanachama, majina yote anayojulikana kwayo, kijiji. Humu Ekiru anaandikwa mara moja tu. La pili ni la mizani: tarehe, nambari ya mwanachama, aina ya samaki, kilo, bei. La tatu ni la mikopo: nambari ya mwanachama, kilichokopwa, kilicholipwa. Ekiru akihama kutoka Kalokol kwenda Longech, karani anabadilisha mstari mmoja, na samaki wote wa miaka yote wanaendelea kuwa wake. Tena mashine inaweza kuamriwa ikatae mzigo wenye nambari isiyokuwamo kwenye jedwali la wavuvi, kwa hiyo samaki wasio na mwenyewe hawaingii.

Wenzake Codd wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa mwaka 1974 lugha ya kuyauliza majedwali hayo. Waliiita SEQUEL, ikafupishwa kuwa SQL kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa tayari na mwenyewe kisheria. Boyce alifariki mwaka huohuo akiwa kijana, wala hakuona lugha yake ikitoka maabara. Kampuni iliyokuja kuitwa Oracle ilianza kuuza kanzidata ya namna hiyo mwaka 1979, na mwaka 1986 Marekani ikaifanya SQL kuwa lugha sanifu. Hadi leo anayejifunza kazi hii huanza na maneno yaleyale yaliyotungwa wakati huo.

Huku nyuma, Norway ilikuwa imekwisha kufika ghubani. Kuanzia 1971 shirika lake la misaada, NORAD, lilitoa nguvu kwa wavuvi wa Turkana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilikuwa kimesimama Kalokol. Kilifanya kazi siku chache tu. Kugandisha samaki kwenye joto la Turkana kulihitaji umeme na maji safi kwa gharama ambayo bei ya samaki haikuweza kuilipa. Kisha katikati ya muongo huo ghuba yenyewe ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway kwa sababu ya kesi ya mwanasiasa wa upinzani Koigi wa Wamwere, na Wanorway wakaondoka.

Kiwanda hicho kimekuwa mfano unaotajwa kila panapozungumzwa misaada iliyopotea. Kinachotajwa kwa nadra ni kosa la hesabu lililokuwa chini yake. Miaka ya samaki wengi ilikuwa miaka ya maji mengi. Jeppe Kolding, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, alionyesha baadaye jinsi wingi wa samaki wa ziwa hili unavyopanda na kushuka pamoja na kina cha maji, na kina hicho kinategemea mvua za Ethiopia zinazoujaza mto Omo. Kilo ziliandikwa mahali pake na kina cha maji mahali pake. Kwenye SQL kuyaunganisha majedwali mawili kwa tarehe ni kazi ya mstari mmoja, na ni somo ambalo kila mwanafunzi hulifikia mapema. Waliopanga kiwanda walizitazama kilo peke yake.

Mwaka 1992 Turkana ikapata orodha kubwa kuliko zote zilizotangulia. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa kuwapokea watu waliokimbia vita vya Sudan, wakiwamo maelfu ya wavulana waliotembea bila wazazi, kwanza hadi Ethiopia, kisha kutoka huko hadi Kenya. Karani akamuuliza mvulana: umezaliwa lini? Mvulana aliujua msimu, pengine aliyajua mafuriko au mnyama aliyechinjwa siku hiyo. Fomu ilitaka siku, mwezi na mwaka. Umri ukakadiriwa kwa macho, na kwenye siku na mwezi ikaandikwa tarehe 1 Januari. Marekani ilipowachukua zaidi ya 3,500 kati yao kuanzia mwaka 2000, wengi walipanda ndege wakiwa na siku moja ya kuzaliwa.

Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi hatari ya safu isiyokubali kuachwa wazi. Mbunifu wa jedwali akisema tarehe ni lazima, aliyeko dirishani ataandika tarehe, ya kweli au ya kubuni, na baada ya mwaka hapana atakayezitofautisha. Dawa yake inajulikana: safu ikubali kukosa jibu, au pembeni pawe na safu nyingine inayosema kama tarehe ni ya hakika au ya kukadiria. Kakuma mwaka 1992 haikuwa na anasa hiyo. Lakini tarehe hizo za karatasi zimewafuata wenyewe shuleni, kazini na hadi kwenye malipo ya uzeeni.

Chakula kiligawanywa kwa kadi ya mgao. Kadi ilibeba ukubwa wa familia, na ilitobolewa kila mgao ulipochukuliwa. Familia ziligawanyika, watu walikufa, wengine waliondoka. Kadi zilibaki na zikaendelea kula. Ni rahisi kuliita jambo hilo wizi. Aliyeishi kwa kibaba cha mahindi kwa siku anaweza kuliita kwa jina jingine. Hata hivyo, mgao wa familia mpya iliyofika jana ulitoka kwenye ghala hilohilo, na orodha isiyojua nani yupo ilimuumiza huyo kwanza.

Vita vya Kosovo vya 1999 ndivyo vilivyoleta kompyuta kwenye kazi hii. Kampuni ya Microsoft ilisaidia shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, kuwaandikisha wakimbizi waliopoteza vitambulisho vyao vyote, na kutokana na uzoefu huo ukaja, katika miaka ya 2000, mfumo unaoitwa proGres, ambao ulienea kwenye kambi za dunia, Kakuma ikiwamo. Kila mtu akapewa nambari yake na kila familia nambari yake, na mtu akafungwa kwenye familia kwa nambari. Oktoba 2013 UNHCR na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zikaongeza alama za vidole kwenye vituo vya mgao vya Kakuma na vya kambi za Dadaab. Mtu anaweka kidole, mashine inamtafuta, ndipo chakula kinatoka. Waliokuja kuchukua mgao wakapungua, na mashirika yakasema yameokoa fedha nyingi.

Msimamizi wa kanzidata hutafuta marudio kwa swali la aina hii:

SELECT nambari_ya_kadi, COUNT(*) FROM wanaokula GROUP BY nambari_ya_kadi HAVING COUNT(*) > 1;

Maana yake: kusanya mistari kwa nambari ya kadi, hesabu kila fungu, nionyeshe mafungu yenye zaidi ya mstari mmoja. Ni amri fupi, na mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anaiandika. Ugumu unaanza jibu likirudi. Mistari miwili yenye nambari moja inaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Inaweza pia kuwa mapacha ambao karani aliwachanganya, au mjane na mke mwenza waliopewa kadi moja. Kuna amri ya kufuta mistari, nayo ni fupi vilevile. Anayeifyatua bila kwenda kuwauliza watu anaweza kukifuta chakula cha mtoto kwa sekunde moja akiwa ofisini.

Upande wa pili wa kosa hilo uliwapata Wakenya wenyewe. Wakati wa ukame, baadhi ya raia wa kaskazini, hasa Garissa karibu na Dadaab, waliandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula na shule. Wengi wao walikuwa watoto. Walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, vidole vyao vikaonekana kwenye kanzidata ya wakimbizi, na maombi yakakataliwa. Maelfu ya watu walijikuta si raia wala si wakimbizi. Kanzidata mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa kidole, na kanuni ya kuzisuluhisha haikuwekwa.

Waturkana wasio wakimbizi walipata orodha yao kubwa kwa njia nyingine. Mpango wa pesa za kukabili njaa, unaojulikana kwa kifupi cha HSNP, ulianza kulipa mwaka 2009 kwa fedha za Uingereza, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Malipo ya mwanzo yalikuwa shilingi 2,150 kila baada ya miezi miwili. Aliyekuwa akilipwa aliweka kidole kwenye mashine ya dukani. Vidole vya bibi aliyepasua kuni na kuchota maji kwenye mchanga maisha yake yote mara nyingine havikusomeka, kwa hiyo ilibidi pawepo mtu wa pili anayeweza kupokea kwa niaba yake.

Awamu ya pili, iliyoanza 2013, ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa: ilijaribu kuandikisha karibu kila kaya ya kaunti hizo nne, zaidi ya 370,000. Takriban 100,000 zililipwa daima. Zilizobaki zilibaki kwenye orodha zikiwa na akaunti ya benki, tayari kwa siku mbaya. Setilaiti zilipima hali ya majani kwenye malisho. Majani yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa katika kaunti ndogo fulani, kaya zaidi za huko zililipwa mwezi huo, kabla mifugo haijaanza kufa. Hapa jedwali la watu liliunganishwa na jedwali la nyasi. Ni muunganisho uliokosekana ghubani miaka ya 1970, na ulipofanyika, fedha zilifika wakati mbuzi bado yuko hai. Waliokwama ni waliokosa kitambulisho cha taifa, maana benki haikuwafungulia akaunti.

Hata Norway imerudi, kwa mlango ambao watu wengi hawauoni. Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoratibu mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2, na mwaka 2011 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuuendesha nchi nzima kupitia intaneti. Ndani yake kuna kanzidata ya PostgreSQL. Muuguzi wa zahanati ya ufuoni hujaza rejista yake, na mwisho wa mwezi wagonjwa wa chini ya miaka mitano wanajumlishwa kwenye fomu ya MOH 705A, akina mama na watoto kwenye MOH 711. Hesabu hizo huingizwa kwenye mfumo, na afisa wa Lodwar anaweza kulinganisha hesabu za Kalokol na za Lokichar siku hiyohiyo. Ni msaada wa Norway ambao hauhitaji kugandisha kitu.

Sehemu kubwa ya mifumo hii ilibuniwa na kusimamiwa mbali na Turkana. Hilo ndilo linaloanza kubadilika, polepole mno kwa kadiri ya mahitaji. Mjini Lodwar kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichozaliwa kutokana na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kakuma, elimu ya juu ya mbali kwa wakimbizi ilianza mwaka 2010 kupitia mpango wa Wajesuiti. Shirika la Learning Lions lilianza kufundisha vijana wa Turkana kazi za kompyuta mwaka 2015, na mwaka 2021 likapata kampasi kando ya ziwa, iliyosanifiwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepewa tuzo ya Pritzker mwaka uliofuata. Minara yake mirefu imeigwa kutoka vichuguu vya mchwa wa huko Turkana. Hewa ya moto hupanda na kutoka juu, hewa baridi huingia chini, na kompyuta hupoa bila kiyoyozi. Waliojenga kiwanda cha Kalokol wangeweza kuvitazama vichuguu hivyohivyo.

Anayejifunza usimamizi wa kanzidata Turkana hupata masomo ambayo vitabu vya California huyapitia haraka. Kwa miaka mingi Lodwar haikuunganishwa na gridi ya taifa; umeme wake ulitoka kwenye jenereta na jua. Kwa hiyo mwanafunzi anaelewa mara moja muamala ni nini. Pesa inapotoka kwa mnunuzi wa samaki kwenda kwa mvuvi, mistari miwili hubadilika: mmoja unapungua, mwingine unaongezeka. Umeme ukikatika katikati, ama yote mawili yafanyike ama yote mawili yafutwe. Vivyo hivyo nakala rudufu. Nakala iliyoko kwenye mashine ileile si nakala, na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ni dhana tu. Ziwa lilipopanda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 na kumeza nyumba na majengo ya ufuoni karibu na Kalokol, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini kumbukumbu zikae mahali pawili.

Kisha kuna suala la ruhusa. Katika SQL haki ya kusoma jedwali ni nyingine na haki ya kulibadilisha ni nyingine, na zote mbili zinaweza kuondolewa. Karani wa mgao anahitaji kuona jina na ukubwa wa familia. Hana haja ya kujua mtu alikimbia kwa sababu gani, wala hali yake ya afya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu aliyeko Kenya, mkimbizi akiwamo, haki ya kuiona taarifa yake na kudai isahihishwe. Kwa mwenye tarehe 1 Januari, hiyo ni haki yenye uzito, ikiwa kuna mtu dirishani anayejua namna ya kuusahihisha mstari na kuacha alama ya nani aliubadilisha na lini.

Mwaka 2025 uliyaweka yote hayo mezani kwa pamoja. Fedha za misaada zilipopungua, wakimbizi wa Kakuma na wa makazi jirani ya Kalobeyei wakagawanywa makundi manne kwa kiwango cha uhitaji, kundi la kwanza likipewa zaidi na la nne likikosa. Kwenye kanzidata hiyo ni safu moja mpya, yenye tarakimu kuanzia 1 hadi 4. Kambini ilikuwa ghadhabu na maandamano, kwa kuwa familia iliambiwa nambari yake bila kuambiwa ni majibu gani ya dodoso yaliyoizaa. Machi mwaka huohuo serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na huduma zilezile chini ya kaunti.

Kwa hiyo kuna kazi inayowasubiri vijana wa Lodwar na Kakuma, na inaweza kutajwa kwa usahihi. Mkimbizi ana nambari ya usajili wa wakimbizi. Mwenyeji ana nambari ya kitambulisho, kama anacho. Hospitali ina nambari yake ya mgonjwa, shule ina yake ya mwanafunzi, na kaya za HSNP zina zao. Hakuna ufunguo mmoja unaopatikana katika majedwali yote matano, na kuyaunganisha kwa jina ni kurudi kwa karani wa mizani na akina Ekiru wake. Kuyaunganisha kwa kidole kunawezekana, lakini Garissa imekwisha kuonyesha kinachotokea kidole kinapopewa neno la mwisho. Litahitajika jedwali la sita, la kulinganisha nambari moja na nyingine, likijazwa mstari kwa mstari na mtu anayeweza kumwita mwenye jina na kumuuliza kwa Kiturkana, Kiswahili, Kisomali au Kidinka kama huyu na yule ni yeye.